Slivu, baipasi au puto? Namna ya kuchagua upasuaji wa kupunguza uzito

Mtu akishaona kwamba mazoezi na kubadili chakula havijamfikisha, maswali mawili humtoka kwanza: ni bei gani, na nitapungua kilo ngapi? Ni maswali ya haki kabisa, ila hayatoshi kukuchagulia upasuaji. Kinachochagua ni kiungulia chako, sukari yako, wingi wa damu yako, dawa unazomeza kila siku, na kama miaka kumi ijayo utaweza kupata vitamini na kipimo cha damu hapohapo unapoishi. Mkazi wa Mtwara aliyefanyiwa upasuaji Nairobi au Chennai, siku akiumwa, ataumwa akiwa Mtwara. Naomba uusome mwongozo huu ukiwa na hilo kichwani, kwa sababu ndilo ninaloona linasahaulika kuliko yote.

Hatua ya kwanza: jua kama unastahili

Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke mwenye kilo 108 na urefu wa mita 1.60 anagawa 108 kwa 2.56 na kupata 42. Hiyo ndiyo BMI yake. Kwa miaka mingi kigezo kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaotokana na unene kama kisukari, shinikizo la damu au pumzi kukatika usingizini. Mwaka 2022 vyama vikuu vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kigezo: 35 na kuendelea hata bila ugonjwa, na kati ya 30 na 35 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili au maradhi ya aina hiyo. Kwa watu wenye asili ya Asia mpaka uko chini zaidi, kwa kuwa kisukari huwapata wakiwa na uzito mdogo kuliko wengine. Wasomaji wenye asili ya Kihindi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam walizingatie hilo.

Kama BMI yako ni 28 na unachotaka ni tumbo bapa, upasuaji huu si wako. Kunyonya mafuta na kukaza ngozi ya tumbo ni kazi nyingine kabisa, hufanywa na daktari mwingine, na haviponyi kisukari.

Kabla hujaendelea, muulize daktari kuhusu dawa. Sindano za semaglutidi hupunguza takriban asilimia 15 ya uzito wa mwili, na tirzepatidi kwa dozi ya juu kama asilimia 20. Uzito mwingi hurudi ukiacha sindano, na gharama ni ya kila mwezi, lakini kwa mwenye BMI ya 32 zinaweza kutosha bila kupasuliwa.

Hatua ya pili: jifunze kusoma asilimia za matangazo

Hapa watu wengi hupotoshwa bila mtu yeyote kusema uongo. Turudi kwa yule mwanamke wa kilo 108. Kwa urefu wake, BMI ya 25 ni kilo 64. Kwa hiyo uzito wake wa ziada ni kilo 44. Tangazo likisema "utapoteza asilimia 60 ya uzito wa ziada", hizo ni kilo 26, atabaki na 82. Asiyejua atadhani ni asilimia 60 ya mwili mzima na kusubiri kilo 65 ziondoke, kisha akifika 82 ajione ameshindwa, ilhali amefanikiwa vizuri sana: pengine shinikizo limeshuka na magoti yamepumua. Kila unapotajiwa asilimia, uliza papo hapo: asilimia ya nini, na baada ya muda gani? Matokeo ya mwaka mmoja hupendeza kila mahali. Ya mwaka wa tano ndiyo ya kuuliza.

Hatua ya tatu: elewa kinachofanyika ndani

Mtaani zote huitwa kukata utumbo, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu upasuaji unaofanywa zaidi duniani hivi sasa haugusi utumbo hata kidogo.

Huo ni slivu. Mfuko wa chakula hukatwa kwa urefu wake, kama asilimia 75 hadi 80 ukatolewa nje ya mwili, na kilichobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi ulioshonwa kwa pini ndogo za chuma. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini, ndiyo maana wengi husema njaa imepungua, si kwamba wanashiba haraka tu. Hufanywa kwa matundu madogo tumboni na mara nyingi mgonjwa hulala hospitali usiku mmoja hadi mitatu. Chakula bado kinapita njia yake ya kawaida, kwa hiyo dawa na vitamini hufyonzwa vizuri kuliko kwenye baipasi. Hasara zake ni mbili kubwa. Sehemu iliyotolewa hairudi tena, na mrija ule una shinikizo kubwa ndani yake, hivyo asidi hupanda. Ninaona slivu inauzwa kirahisi mno kwa watu wenye kiungulia cha kila siku.

Baipasi ni upasuaji wa zamani zaidi, ulioanzia Marekani mwaka 1966 na kuboreshwa sana tangu hapo. Sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hutenganishwa kuwa kijifuko cha takriban mililita 30. Utumbo mwembamba hukatwa, ncha yake moja ikaunganishwa na kijifuko hicho, nyingine ikaunganishwa chini zaidi ili nyongo na maji ya kongosho yakutane na chakula huko. Mfuko mkubwa wa zamani haukutolewa. Unabaki mahali pake bila kupitiwa na chakula. Chakula kinapoingia moja kwa moja kwenye utumbo, homoni za utumbo hubadilika, na sukari huweza kuanza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujapungua wa maana.

Ipo pia baipasi ya kiungo kimoja, ambayo wengine huiita baipasi ndogo, ingawa mabadiliko yake mwilini si madogo. Mfuko hufanywa mrija mrefu, kisha utumbo hupandishwa na kuunganishwa mara moja tu, si mara mbili. Operesheni huwa fupi na uzito hupungua vizuri. Utafiti wa Ufaransa uliotolewa mwaka 2019 uliona matokeo ya uzito yakilingana na ya baipasi ya kawaida, lakini matatizo ya lishe na kuharisha yalikuwa mengi zaidi kwa waliorukiwa sentimita 200 za utumbo, yaani urefu ambao chakula hakiupitii tena. Nyongo pia inaweza kupanda hadi kwenye mfuko. Ukiambiwa utafanyiwa hii, uliza watakurukia sentimita ngapi.

Halafu kuna upasuaji mkubwa kuliko yote, unaounganisha slivu na kurukwa kwa sehemu ndefu sana ya utumbo. Hupunguza uzito kuliko mwingine wowote na kupambana na kisukari kwa nguvu zaidi. Lakini protini, mafuta, na vitamini A, D, E na K hupita bila kufyonzwa, na mgonjwa anahitaji vipimo na virutubisho vya bei kubwa maisha yake yote. Kwa mtu anayeishi mbali na maabara nzuri, mimi siushauri, hata kama daktari anaujua vema.

Mkanda wa kubana mfuko wa chakula ulipendwa sana miaka ya 2000. Mingi imeishia kutolewa kwa sababu ya kuteleza, kuchimba ndani ya mfuko au kutopunguza uzito wa kutosha. Ukipewa mkanda kama chaguo la kwanza leo, tafuta ushauri wa daktari mwingine.

Puto si upasuaji. Huingizwa kwa kamera kupitia mdomoni hadi ndani ya mfuko wa chakula, hujazwa maji, na lililo la kawaida hukaa takriban miezi sita kisha hutolewa. Hospitali ya Muhimbili Mloganzila hutoa huduma hiyo, kwa hiyo Watanzania wengi wamelisikia kabla ya slivu. Hupunguza asilimia 10 hadi 15 ya uzito, na siku za kwanza kichefuchefu na kutapika huwa vikali. Baada ya kutolewa, uzito hurudi kwa wengi. Naliona linafaa kwa mwenye BMI ya 30 hadi 35, au kwa mtu mzito mno anayehitaji kushuka kidogo ili operesheni kubwa iwe salama. Aina nyingine ya kamera ni kushona mfuko kwa ndani ili upungue bila kukata kitu. Hiyo hutoa kama asilimia 15 hadi 20, ila bado inapatikana sehemu chache.

Hatua ya nne: fanya vipimo kabla ya kuchagua

Hospitali nyingine humpangia mgonjwa slivu kwenye simu, kisha vipimo vifanywe siku moja kabla ya operesheni. Kataa mpangilio huo. Vipimo ndivyo vinavyochagua.

Cha kwanza ni kamera ya mfuko wa chakula. Bakteria wa vidonda vya tumbo, Helikobakta pailori, wameenea sana Afrika Mashariki na wanapaswa kutibiwa kwanza. Kwa baipasi hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa ule mfuko unaobaki ndani hautafikiwa tena na kamera kwa njia ya kawaida. Kama kwenu kuna historia ya saratani ya mfuko wa chakula, mwambie daktari mapema. Kamera hiyohiyo itaonyesha kama asidi imeshaunguza umio na kama una ngiri ya juu ya tumbo.

Pima wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, vitamini B12 na D, sukari ya miezi mitatu (kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi mitatu iliyopita), figo na ini. Fanya ultrasaundi ya mfuko wa nyongo, kwa sababu kupungua haraka huzalisha mawe. Kama unakoroma na mwenzako anasema pumzi hukatika ukiwa umelala, sema, maana linabadilisha namna utakavyolazwa usingizi wa operesheni.

Hatua ya tano: linganisha na hali yako

Una kiungulia cha kila siku, au umio umeunguzwa? Baipasi inakufaa kuliko slivu. Katika utafiti wa Uswisi uliofuatilia wagonjwa kwa miaka 5 na kutolewa mwaka 2018, kiungulia kilizidi kwa wagonjwa asilimia 32 upande wa slivu dhidi ya wagonjwa asilimia 6 upande wa baipasi. Nimekutana na ushauri wa "fanya slivu, tutakupa omeprazoli". Kumeza omeprazoli maisha yako yote kwa tatizo ambalo lingeepukwa ni bei ambayo mtu angetajiwa kabla ya kusaini.

Una kisukari cha aina ya pili? Slivu na baipasi zote husaidia kuliko dawa peke yake. Utafiti mmoja wa Marekani, miaka 5 baadaye, ulikuta sukari ya miezi mitatu imeshuka hadi HbA1c ya asilimia 6.0 au chini kwa asilimia 29 ya waliofanyiwa baipasi, 23 ya slivu, na 5 tu ya waliotumia dawa peke yake. Baipasi iko mbele kidogo. Kadiri kisukari kilivyo kipya na hujaanza insulini, ndivyo nafasi ya kupata nafuu ya muda mrefu inavyokuwa kubwa, kwa hiyo usisubiri miaka kumi na tano ndipo uulize.

Ukitazama kilo tu, tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani. Utafiti wa Finland ulikuta baada ya miaka 5 slivu imeondoa asilimia 49 ya uzito wa ziada na baipasi 57. Kwa yule mwanamke wetu ni kilo 22 dhidi ya 25. Kilo tatu zisikufanye uchague upasuaji usiofaa mwili wako.

Dawa zako ni suala ninalotaka ulikazie macho. Mwenye magoti au mgongo unaouma aliyezoea kununua diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa bila cheti, baipasi ya aina yoyote itamlazimu aziache moja kwa moja, kwa sababu huchimba vidonda pale kwenye maungio, na vidonda hivyo hutoka damu au kutoboka. Sigara hufanya vivyo hivyo. Kama unajua kabisa hutaacha, sema ukweli kliniki, na slivu itazungumzwa kwanza. Anayetumia dawa za kifafa, za kuzuia damu kuganda, za tezi ya shingo au ARV anahitaji daktari wake wa dawa hizo ashiriki katika uamuzi, kwa kuwa ufyonzaji unaweza kubadilika. Kwa ARV lipo jambo la vitendo ambalo wengi hawaambiwi: dolutegraviri ikimezwa pamoja na kalsiamu au chuma, hushikwa nayo na kufyonzwa kidogo. Na wewe baada ya upasuaji utakunywa kalsiamu na chuma kila siku. Tenganisha kwa saa, uandikiwe ratiba, na upime wingi wa virusi mapema kuliko kawaida.

Mwanamke mwenye hedhi nzito au uvimbe kwenye kizazi ambaye damu yake iko chini ashughulikie hilo kwanza. Baipasi hupunguza ufyonzaji wa chuma, na utaishia kuwekewa chuma kwa dripu. Anayetaka mtoto aahirishe mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji wowote. Na hapa naomba wanandoa wanisikilize: uzito ukipungua, yai huanza kukomaa hata kwa mwanamke aliyekaa miaka bila kushika mimba, na vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki baada ya baipasi. Tumia kitanzi, kijiti au sindano.

Mwenye BMI ya zaidi ya 50 mara nyingi hupangiwa kwa awamu, slivu kwanza, kisha baipasi baadaye ikihitajika. Si dalili ya kushindwa, ni njia ya kupunguza hatari.

Mwisho jiulize kuhusu pesa za kila mwezi. Baada ya slivu au baipasi utahitaji vitamini mchanganyiko, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, vitamini D, chuma, na B12, ambayo njia rahisi kwetu ni sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Nenda duka la dawa la mtaani kwenu kabla ya operesheni, uliza kila kimoja kipo na ni bei gani, zidisha kwa miezi 12. Kama jumla hiyo inakushinda, chagua njia inayokudai kidogo: kati ya hizo mbili slivu inasamehe zaidi, ingawa nayo haikuachii bure.

Hatua ya sita: chagua mikono na mahali

Kwenye vituo vyenye uzoefu, vifo ndani ya siku 30 ni kama mtu mmoja hadi watatu kwa kila elfu, karibu na upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo. Neno lenye uzito hapo ni uzoefu. Muulize daktari amefanya ngapi za aina yako mwaka uliopita, kuvuja (pale palipokatwa na kushonwa kuachia) kumetokea mara ngapi, na mgonjwa akivuja saa nane za usiku nani anamrudisha chumba cha upasuaji. Uliza kama wana chumba cha uangalizi maalumu. Uliza kwa maandishi kama bei uliyotajiwa inahusu pia kurudishwa operesheni na siku za ziada, na kama bima yako inagusa chochote.

Anayekwenda nje atafute kwanza daktari wa nyumbani aliyekubali kumpokea akirudi, na asipande ndege mapema kuliko alivyoruhusiwa, maana damu kuganda miguuni na kwenda mapafuni ni moja ya visababishi vikubwa vya kifo baada ya upasuaji huu. Usiondoke hospitali bila ripoti ya upasuaji mkononi, iliyoandika aina ya operesheni na urefu wa utumbo uliorukwa. Cheti cha kuruhusiwa peke yake hakitoshi.

Hatua ya saba: jiandae na maisha ya baadaye

Wiki mbili kabla, wengi hupewa chakula chepesi kisicho na wanga mwingi ili ini linywee na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Baada ya hapo ni vimiminika kama wiki mbili, kisha vilivyosagwa, kisha laini, na chakula cha kawaida baada ya kama wiki sita hadi nane. Lengo ni protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, kwa hiyo sahani yako ianze na samaki, yai, maharage yaliyosagwa au dagaa waliopondwa, na ugali uje mwisho kama nafasi ipo. Usinywe maji pamoja na chakula, subiri nusu saa. Soda, juisi ya miwa na chai yenye sukari nyingi kwa aliyefanyiwa baipasi huleta moyo kwenda mbio, jasho na kuharisha ndani ya dakika chache. Pombe nayo hupanda haraka mno. Waislamu wengi hushauriwa wasifunge Ramadhani miezi ya mwanzo kwa sababu maji hayawezi kunywewa kwa mkupuo wakati wa futari, na anayetaka kufunga baadaye azungumze na daktari wake kwanza.

Siku za mwanzo, mapigo ya moyo yanayozidi 120 ukiwa umetulia, homa, maumivu yanayoenda bega la kushoto au pumzi fupi ni sababu ya kurudi hospitali usiku huohuo. Kutapika mfululizo kwa siku kadhaa kunahitaji sindano ya vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, la sivyo ubongo unaweza kudhurika. Pima damu mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka.

Kwa aliyefanyiwa baipasi, utumbo unaweza kujipenyeza na kujinyonga ndani hata miaka kadhaa baadaye. Kwenye zahanati itaonekana kama vidonda vya tumbo na utapewa dawa za asidi urudi nyumbani. Andika kadi, uipige picha uiweke kwenye simu, na nakala umpe ndugu unayeishi naye. Iseme hivi: "Nimefanyiwa baipasi ya mfuko wa chakula, tarehe fulani, hospitali fulani. Nikiwa na maumivu makali ya tumbo naomba picha ya CT na daktari wa upasuaji leo hii. Nisipewe diklofenaki wala ibuprofeni. Nisiwekewe mpira wa puani hadi tumboni bila daktari wa upasuaji kujua."